Mjomba Alimfungulia Mlango: Kisa cha Gustav Wolff, Muunda Meli

Na mwanachama wa Kidato cha Tatu

Kabla hujakimbilia ukurasa wa vichekesho na vitendawili, hebu keti kidogo nikusimulie habari za Mjerumani mmoja ambaye huenda jina lake hujawahi kulisikia, ingawa nina hakika meli moja ya kampuni yake unaijua.

Muhula uliopita Chama chetu cha Kiswahili kilifanya mjadala. Mada ilikuwa, "Kujuana ndiko huleta ufanisi, wala si bidii." Mimi nilikuwa upande wa wapinzani. Nilisimama nikazimwaga methali zangu zote: mtegemea cha nduguye hufa maskini, mchumia juani hulia kivulini, na nyinginezo. Watu wakapiga makofi, nami nikajiona bingwa. Ndipo msemaji wa tatu wa upande ule mwingine akasimama, akanitazama, akauliza swali moja tu: "Na wewe mwenyewe ungekuwa hapa bila mjomba wako?" Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Nilikaa chini kama kuku aliyenyeshewa.

Swali lile lilinikwama kooni kama mwiba wa samaki, kwa sababu ni kweli. Kwetu ni Taita. Nilipomaliza darasa la nane, mjomba wangu, ndugu yake mama, ndiye aliyenileta Mombasa nikae kwake nisome shule ya kutwa. Bila yeye nisingevaa sare ya shule hii. Rafiki yangu tuliyeketi naye dawati moja alinishinda alama, lakini hakuwa na mjomba mjini. Yeye leo anavunja kokoto. Je, hapo bidii yake ilimfaa nini?

Jibu nilianza kulipata nyumbani, tena bila kulitafuta. Babu yangu mzaa mama anaishi nasi. Aliingia kazi ya ukuli katika bandari ya Kilindini mwaka 1964, na hata leo huzitaja meli za zamani kama mtu anayetaja ng'ombe wake. Meli anayoipenda zaidi ni "Kenya Castle". Husema ilikuwa na rangi ya zambarau hafifu ubavuni na bomba jekundu lenye kilemba cheusi. Ilikuwa ikitoka London, inapita Suez na Aden, inatia nanga Mombasa, kisha Unguja, Dar es Salaam, na kuendelea hivyo, mpaka inarudi ilikotoka. Mwaka 1967 kampuni yake iliiondoa kazini, na babu hakuiona tena.

Nilimpelekea mwalimu wetu wa historia habari hizo. Akaniambia kwamba meli hiyo ilishuliwa mwaka 1951 huko Belfast, Ireland ya Kaskazini, na kampuni iitwayo Harland and Wolff. Kumbe ndiyo kampuni ile ile iliyounda Titanic! "Na huyo Wolff," mwalimu akaongeza, "alikuwa Mjerumani. Alifika huko kwa njia ya mjomba wake." Aliposema mjomba, masikio yangu yalisimama.

Basi fuatana nami, msomaji.

Gustav Wilhelm Wolff alizaliwa mwaka 1834 katika mji wa bandari wa Hamburg, Ujerumani. Baba yake alikuwa mfanyabiashara. Ukoo wao ulikuwa wa Kiyahudi, lakini ulikuwa umebatizwa na kuingia Ulutheri kabla yeye hajazaliwa. Mama yake alikuwa na kaka aitwaye Gustav Schwabe, ambaye alikuwa amehamia Liverpool, Uingereza, na kutajirika katika biashara ya meli. Mwaka 1849 kijana Wolff, akiwa na miaka 14, alifungishwa virago akapelekwa ng'ambo kwa mjomba huyo. Fikiria, msomaji: mtoto wa miaka 14, nchi ya wenyewe, lugha ya wenyewe. Mimi nilitoka Taita kuja Mombasa, safari ya saa chache tu, na bado nililia usiku wa kwanza.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wolff alipewa jembe lake. Alisoma kidogo Liverpool, kisha akatiwa kwenye kiwanda cha Joseph Whitworth mjini Manchester kuwa mwanagenzi. Whitworth alisifika kwa mashine zake zilizopima vitu kwa usahihi wa ajabu. Hapo Wolff alijifunza mitambo, na baadaye akaajiriwa kwingine kama mchoraji wa ramani za mitambo. Kwa hiyo usidhani alitolewa sebuleni kwa mjomba akaketishwa moja kwa moja kwenye kiti cha ukurugenzi.

Sasa tuvuke bahari kidogo twende Belfast. Mji huo uko kwenye mlango wa mto Lagan, na mto wenyewe ulikuwa na maji machache na tope jingi. Katika miaka ya 1840 walichimba mkondo ili meli kubwa zipite, na tope walilolitoa wakalirundika mahali pamoja mpaka pakawa kisiwa. Kisiwa hicho cha tope kikaitwa Kisiwa cha Malkia. Hapo ndipo mtu mmoja aitwaye Robert Hickson alipokuwa na kiwanda cha kuunda meli za chuma, na mwishoni mwa mwaka 1854 akamwajiri meneja kijana, Mwingereza Edward Harland, mwenye umri wa miaka 23.

Harland alikuwa mkali. Inasemekana alitembea kiwandani na kipande cha chaki na rula ya pembe ya ndovu, na kila palipokosewa alipaka alama. Lakini ukali haununui kiwanda. Mwaka 1858 Hickson alipotaka kuuza, bei ilikuwa pauni 5,000, na Harland hakuwa nazo. Ni nani aliyemtolea? Ni Schwabe, yule yule mjomba wa Wolff! Schwabe alikuwa akijuana na jamaa za Harland. Si hivyo tu. Mwaka 1857, kabla ya kununua, Harland alikuwa tayari amemchukua mpwa wa Schwabe, ndugu Wolff, kuwa msaidizi wake. Na meli tatu za kwanza zilizoagizwa katika kiwanda hicho kipya ziliagizwa na kampuni ya Bibby ya Liverpool, ambamo Schwabe alikuwa na hisa.

Nilipofika hapo nilishika kichwa. Nilijisemea, mjadala nimeshindwa kabisa. Pesa ni za mjomba, kazi ni ya mjomba, wateja ni wa mjomba. Kama huko si kujuana, basi kujuana ni nini?

Lakini nilisoma mbele, nikaona jambo jingine. Harland hakumweka Wolff ofisini anywe chai. Alimpa kazi ya kuchora, halafu akamtuma baharini kama injinia wa melini, akazijue mashine hizo zikiwa kazini, katika joto na mawimbi. Ni mwaka 1861, baada ya kumpima kwa miaka minne, alipomfanya mshirika wake. Tangu mwaka 1862 kampuni ikaitwa Harland and Wolff.

Wawili hao waligawana kazi. Harland ndiye aliyekuwa na fikra za umbo la meli. Meli za wakati ule zilikuwa na sitaha ya juu ya mbao hata kama mwili wake ni wa chuma. Harland aliweka sitaha ya chuma. Ili uelewe faida yake, chukua kiboksi cha kiberiti, toa kile kidroo cha ndani kilicho wazi juu, ukipinde. Kinapindika upesi. Sasa chukua ganda lake la nje, lililozibwa pande zote nne, ulipinde. Linakataa. Meli yenye sitaha ya chuma huwa kama lile ganda, hivyo inaweza kurefushwa bila kuvunjika mgongo mawimbini. Tena aliifanya meli iwe bapa upande wa chini ili ibebe shehena zaidi. Meli hizo zilikuwa ndefu na nyembamba mpaka mabaharia wakaziita majeneza ya Bibby! Lakini hayo majeneza yalikwenda na kurudi salama, yakiwa yamejaa mali. Waliocheka wakanyamaza.

Wolff yeye alikuwa mtu wa mitambo na mtu wa kupatana na watu. Mwaka 1869, yasemekana, mjomba Schwabe alikuwa Liverpool akicheza biliadi, mchezo unaofanana na huu wa puli wa mitaani kwetu, na tajiri mmoja aitwaye Thomas Ismay, aliyekuwa ameinunua kampuni ya White Star. Schwabe akamwahidi mtaji, kwa sharti moja: meli zote ziundwe na Harland na mpwa wake. Wakakubaliana. Meli ya kwanza, "Oceanic", ilishuliwa mwaka 1870. Tangu hapo White Star haikuagiza meli zake kubwa kwingine, na kiwanda nacho kiliahidi kutowaundia washindani wa White Star.

Huenda unajiuliza meli ya chuma iliundwaje siku hizo. Kwanza walitandika mkuku, ambao ndio uti wa mgongo wa meli. Kisha walisimamisha mataruma, yaani mbavu zake, kushoto na kulia. Baada ya hapo walizivika mbavu hizo bamba za chuma, na bamba zikashonwa kwa ribiti. Ribiti ni msumari mnene wa chuma. Mtu mmoja aliuchoma motoni mpaka ukawa mwekundu, mwingine akautia tunduni, na wawili wakaugonga kwa nyundo kabla haujapoa. Titanic peke yake ilikula ribiti zipatazo milioni tatu. Mwisho meli ilishuliwa, yaani iliteremshwa majini kwenye njia iliyopakwa shahamu na sabuni ili iteleze. Titanic ilishuliwa tarehe 31 Mei 1911, na iliteleza kwa sekunde 62 tu. Watu walikesha miaka miwili wakigonga nyundo, nayo ikaondoka kwa dakika moja!

Turudi kwa Wolff. Alianzisha pia kiwanda cha kamba mjini Belfast, ambacho kilikua kikawa miongoni mwa vikubwa kabisa ulimwenguni. Kuanzia mwaka 1892 hadi 1910 alikuwa mbunge wa Belfast Mashariki katika Bunge la Uingereza. Wabunge wenzake walimtania wakimwita "Teutonic", maana ni neno la kuwataja watu wa asili ya Kijerumani, na pia ni jina la meli moja maarufu ya kiwanda chake. Yeye mwenyewe alipenda utani. Husimuliwa kwamba alisema Harland huunda meli, mshirika wao Pirrie hutoa hotuba, na yeye Wolff huvuta sigara. Hakuoa, wala hakuacha mtoto. Alistaafu uundaji meli mwaka 1906, na akafariki London tarehe 17 Aprili 1913, mwaka mmoja na siku mbili baada ya Titanic kuzama.

Sasa, msomaji, kuna mjomba mwingine katika kisa hiki. Huyo Pirrie aliyetajwa aliingia kiwandani akiwa mwanagenzi, akapanda ngazi mpaka akakiongoza. Naye alikuwa na mpwa, mtoto wa dada yake, aitwaye Thomas Andrews. Mwaka 1889 Andrews aliingia kiwandani akiwa na miaka 16, umri wangu mimi. Mjomba ndiye mkubwa, kwa hiyo ungetarajia apewe ofisi. La hasha! Alikuwa mwanagenzi kwa miaka mitano, akianzia kwa maseremala, kisha akapitishwa karakana moja baada ya nyingine, na alfajiri ilimkuta kazini kama wenzake. Alikuja kuwa mkuu wa wachoraji, na Titanic ni kazi ya mkono wake. Meli ilipoanza safari, yeye na mafundi wengine wanane wa kiwanda walipanda ili kuangalia kasoro. Usiku ule wa tarehe 14 Aprili 1912 ilipogonga siwa barafu, Andrews ndiye aliyekagua na kumwambia nahodha kwamba meli haitapona. Alionekana akiwahimiza abiria wavae vyelezo vyao na kuingia mashuani. Hakupona hata mmoja katika wale tisa. Watu zaidi ya 1,500 walikufa.

Nilipoyasoma hayo nililaza kitabu chini. Mjomba alimpa mlango, lakini siku ya mtihani mjomba hakuwepo. Aliyekuwepo ni yeye na kazi yake.

Je, basi nimeshinda mjadala? Ngoja kwanza, kuna upande ambao ningeuficha ningekuwa mwongo. Kiwanda hicho kilipokuwa na maelfu ya wafanyakazi, wengi wao walikuwa Waprotestanti. Kazi ilipitia kwa baba, kwa ami, kwa jirani, kwa watu wa kanisa moja. Wakatoliki wa Belfast, ambao walikuwa wakazi wa mji ule ule, walikuwa wachache humo. Julai 1912, wakati wa ugomvi wa kama Ireland ijitawale au isijitawale, Wakatoliki na wale waliodhaniwa kuwaunga mkono walifukuzwa viwandani kwa kipigo. Julai 1920 mambo hayo yalirudi, na maelfu wakapoteza kazi. Wolff alikuwa amestaafu mwaka 1912, na mwaka 1920 alikuwa kaburini, lakini yeye kama mbunge alikuwa upande wa wale waliokataa Ireland ijitawale. Mgeni aliyekaribishwa vizuri vile, na mji ambao haukuwakaribisha watu wake wenyewe! Waliofukuzwa hawakukosa bidii. Walikosa mtu wa kuwafungulia.

Hapo ndipo nilipomkumbuka rafiki yangu wa kokoto.

Nilimsomea babu habari hizi jioni moja. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mjukuu wangu, hata Kilindini ilikuwa hivyo. Mimi niliitwa kazini na mtu wa kwetu. Lakini gunia likishawekwa begani, aliyekuita habebi nawe." Akanyamaza kidogo, halafu akaongeza, "Na mimi niliwaita wawili. Wa kwetu mmoja, na mwingine hata kabila lake sikulijua. Nilimwona tu langoni siku tatu mfululizo hana wa kumwita."

Msomaji, kampuni ya Wolff imepita mengi. Ilifilisika mwaka 2019 ikanunuliwa, ikaanguka tena mwaka 2024, na mwaka 2025 ikachukuliwa na kampuni ya Hispania. Hata hivyo huko Belfast bado zimesimama winchi mbili kubwa za manjano, Goliath ya mwaka 1969 na Samson ya mwaka 1974, zilizotengenezwa na kampuni ya Krupp ya Ujerumani kwao Wolff. Samson ina urefu wa mita 106. Zimeandikwa herufi H na W, na zaonekana kutoka kila pembe ya mji. Mtu asiyekuwa na mtoto jina lake liko angani. Na "Kenya Castle" ya babu? Iliuzwa kwa Wagiriki ikaitwa "Amerikanis", ikasafiri miaka mingi, hadi ilipovunjwa huko Bara Hindi mwaka 2001. Kazi iliyofanywa sawasawa ilidumu nusu karne.

Kwa hivyo, ndugu msemaji wa tatu wa upande ule, popote uliposoma ukurasa huu, jibu langu ni hili. Ndiyo, nisingekuwa hapa bila mjomba. Uliniuliza swali la haki nami niliona haya bure. Kusaidiwa si aibu. Aibu ni kusaidiwa kisha ukalala, au kuingia kisha ukaufunga mlango nyuma yako kwa komeo. Kila asubuhi saa kumi na moja naamka kumfungulia mjomba duka na kumchotea maji, ndipo nije shule. Hilo ndilo jembe langu la siku ya tatu.

Na likizo iliyopita nilipokwenda Taita nilimpelekea yule rafiki yangu madaftari yangu ya kidato cha kwanza, yote, pamoja na ya hesabu. Sina pesa za kumlipia karo. Alisema atayasoma usiku. Mjomba naye ameniahidi atamuulizia nafasi katika shule moja ya kutwa mwakani, kama tutapata mahali pa kumlaza. Nimemwambia kitanda changu ni kipana.

Kalamu yangu naiweka chini hapa. Chama chetu cha Kiswahili kidumu.